Wahazili wa Mwanza, tulichosoma chuo na kinachotakiwa kazini mbona haviendani?

Binti_Igoma:
Habari zenu wadau. Nina diploma ya uhazili, yaani ukatibu wa ofisi, hatimkato (kuandika kwa alama za mkato mtu anapoongea) maneno 100 kwa dakika Kiswahili na Kiingereza nimefaulu, taipu iko safi. Juzi nikaitwa intavyuu kwa jamaa wa vifaa vya ujenzi hapa mjini, nimeingia na daftari langu la hatimkato kabisaa, hata hakuuliza, akanigeuzia laptop akasema nitolee proforma, yaani ankara ya awali, ya mteja wa Nansio, mabati 120 na saruji mifuko 60, VAT asilimia 18, jumla ije yenyewe. Mikono ikaganda. Nikapiga hesabu kwenye simu nikaandika jumla kwenye Excel kwa kutaipu, akabadilisha mabati yakawa 100, jumla ikabaki pale pale, akacheka. Sasa ile miaka tulikuwa tunasomea nini??

Mzee_wa_Nyakato:
Pole mdogo wangu, ila hatimkato usiitupe. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira la Mwandishi Mwendesha Ofisi, zamani tukiita Katibu Mahsusi, linataka hayo hayo maneno 100. Chuo kinakuandaa uende serikalini. Tatizo tangazo hilo hilo linataja na Excel na Publisher, nyie mkishaona hatimkato mnaishia hapo.

dada_masijala:
Hata huku serikalini si kama zamani. Mi nilifundishwa kufungua jalada na kuandika namba za folio, zile za kila barua ndani ya jalada, kwa mkono, nimefika halmashauri nakuta e-Ofisi, mfumo wa majalada wa kwenye kompyuta, dokezo linapanda na kushuka kwenye mfumo, wiki ya kwanza nilikuwa naita kijana wa TEHAMA kila saa mpaka akawa ananikimbia 😂

KamangaCargo:
Mi ni mwajiri, niseme ukweli. Nilimpata mmoja ana vyeti vizuri, siku natafuta delivari noti ya mteja nikaikuta kwenye folda inaitwa New folder 7. Lakini na sisi tuna makosa, wanachuo wakija fildi, mafunzo ya vitendo, tunawatuma chai na fotokopi wiki nane halafu tunawagongea muhuri logibuku, sasa huyo Excel angejifunzia wapi? Mi nataka mtu ajibu imeili ya mteja bila mimi kuikagua, basi, hatimkato sijui hata inafananaje.

Binti_Igoma:
@KamangaCargo kaka, nije Jumatatu hata bila mshahara mwezi mmoja?

KamangaCargo:
Njoo saa mbili. Nauli nitakupa, na chai tutachemsha kwa zamu.