Msaada: kurenda (kutoa picha ya kompyuta) jua likichomoza Ncha ya Kusini kwenye Blender, programu ya 3D

fundi_pikseli
Wakuu habari za leo. Natengeneza mandhari ya kituo cha Amundsen-Scott kule Antaktika, upande ule wa vyombo vya kuchunguza anga, nimeshaweka ile darubini ya sahani ya mita 10 na jengo la IceCube, kile chombo cha kunasa chembe za neutrino, lenye minara miwili ya duara ubavuni. Modeli zimekaa poa kabisa ila mwanga ndio unanitesa. Nataka jua linachomoza, animesheni ya sekunde 10, natumia Cycles (injini ya kurenda ya Blender) na anga ya Nishita (anga yenye jua inayokokotolewa na Blender yenyewe), lakini nikirenda naona asubuhi ya kawaida tu, halafu theluji imekuwa nyeupe pee kama ukuta uliopakwa chokaa. Wenye uzoefu naombeni mawazo.

kivuli_kirefu
Mkuu hongera, minara ya IceCube wengi huwa wanaisahau. Shida ni jua lako linapanda. Sisi tumezoea jua la ikweta, linakuja wima na dakika mbili tatu limeshatoka lote, sasa pale nchani linachomoza mara moja tu kwa mwaka, karibu na tarehe 22 Septemba, na linatembea kwa kuzunguka upeo wa macho. Kwa siku nzima linapanda kama digrii 0.4 tu na upana wake ni nusu digrii, kwa hiyo kutoka lote inachukua zaidi ya siku. Fanya hivi, sekunde zako 10 kwa fremu 24 ni fremu 240, hizo zote ziwe siku moja: zungusha jua digrii 1.5 kila fremu, kimo chake juu ya upeo kitoke digrii 0.6 kiishie 1.0 basi. Na ukiwa umelitazama liende kushoto, ukilipeleka kulia umeshahamia Ncha ya Kaskazini!! Hapo utaona vivuli vinavyozunguka uwanja mzima, jua likiwa digrii 1 kitu cha mita 10 kinatupa kivuli cha mita 570 na zaidi, kwa hiyo panua ardhi yako sana.

mama_nodi
Naongezea kwenye theluji mdogo wangu. Usiiache tambarare, upepo wa kule unaichonga matuta makali yaliyolala upande mmoja, basi chukua noizi (mchoro wa madoa ya nasibu) uivute kwenye mhimili mmoja tu kisha uitumie kuinua uso wenyewe, usiishie kwenye bampu, inayodanganya jicho tu bila kuinua kitu, maana jua likiwa chini hivyo kila tuta lazima litupe kivuli chake. Rangi weka 0.85 hivi, usifike 1. Ruhusu mwanga upenye kidogo ndani ya theluji. Vivuli vikija vya bluu usivisahihishe, pale jua halifiki, kinachoangaza ni anga.

kivuli_kirefu
Sahihi dada. Halafu kwenye Nishita kimo cha mahali weka mita 2,835, vumbi shusha karibu na sifuri, hewa ya pale ni safi mno. Eksposha ishushe, jua la Nishita lina nguvu sana, theluji yako kuwa chokaa nusu ya sababu ni hiyo.

fundi_pikseli
Aisee nimejaribu fremu moja tu, matuta yametokea yenyewe bila kugusa materiali ya theluji! Sasa vile vimeta vya barafu hewani na ile duara kuzunguka jua, Cycles inaweza?

mama_nodi
Duara haitatoka yenyewe, Cycles haina hesabu za fuwele za barafu. Ipake kwenye bapa linaloitazama kamera, nusu kipenyo digrii 22, na madoa mawili angavu kushoto na kulia kwa kimo kilekile cha jua, kisha lifunge bapa hilo kwenye mzunguko wa jua ili viende pamoja. Vimeta tawanya chembe chache karibu na kamera tu, ukijaza eneo lote mashine italala. Na weka zile bendera za kwenye vijiti vya mianzi zinazoonyesha njia ya kwenda darubini, vivuli vyake vitasaidia sana mtu kuelewa ukubwa wa mahali.

fundi_pikseli
Asanteni sana, naanza na bendera usiku huu.