Naomba ushauri: tupunguze hisa za teknolojia sasa au tusubiri?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Kikundi chetu cha uwekezaji hapa Moshi kina mfuko wa dola unaofuata faharisi ya Nasdaq-100 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa kama 100 za soko la Nasdaq, Marekani). Umepanda vizuri, ila sasa ndio asilimia 70 ya mali yote ya kikundi, na sehemu kubwa imebebwa na kampuni chache tu: Nvidia, Microsoft, Apple na wenzao. Theluthi moja ya fedha inahitajika ndani ya miezi 18 kulipia kiwanja. Hapo ndipo shida ilipo, maana Nasdaq ilishuka kama theluthi mwaka 2022 ikarudi upesi, lakini kilele cha 2000 ilikifikia tena 2015. Kiwanja hakisubiri miaka 15!

Michango mipya tumeshaielekeza kwenye hatifungani za serikali, zinazolipa riba kila miezi sita. Tumejaribu pia kuweka agizo la kuuza bei ikishuka asilimia 15. Tatizo, soko la Marekani hufunguliwa saa 10:30 jioni kwetu (11:30 majira yao ya baridi), na likifunguka kwa pengo (bei ya kufungulia iko chini sana ya ile ya kufungia jana yake), agizo linauza chini kabisa ya bei mliyopanga. Wajumbe wengine wanasema tusubiri dalili za anguko. Mimi siamini dalili hizo.

Maswali mawili:

Fedha ya kiwanja tuiuze yote kwa mkupuo, au robo robo kila miezi mitatu?

Tukishauza, tubaki na dola au tubadilishe kuwa shilingi mara moja, ikizingatiwa bei ya kiwanja ni ya shilingi?