Chakula kipya kimeongeza mayai au najidanganya? Naombeni ushauri

MfugajiPwani: Wakuu heshima kwenu. Nina mabanda mawili ya kuku wa mayai, kila banda kuku 100. A wanakula chakula cha siku zote, B nimewawekea cha kampuni nyingine. Wiki iliyopita A wametaga 75, 60, 75, 75, 60, 75, 75. B 75, 90, 75, 75, 90, 75, 75. Ukipiga wastani B wanazidi kama mayai 9 kwa siku, sasa nataka nikope kikoba ninunue tani nzima ila usingizi sipati. Wastani huo unatosha kuamua?

Mama Vifaranga: Kaka mi nachanganya mwenyewe, pumba, mashudu, dagaa, chokaa. Kuna kipindi dagaa walijaa mchanga kuku wakasusa, nikauza nusu kwa bei ya kutupa. Achana na vya madukani.

Jogoo la Shamba: Mkeo anajua habari za huo mkopo? Vikoba vimevunja ndoa nyingi.

Mtu wa Takwimu: Wastani peke yake hautoshi mkuu. Ndani ya banda lilelile namba zinaruka 15 kutoka siku moja hadi nyingine, tofauti yako ni 9 tu na ni ya wiki moja. Halafu umri wao ni sawa?

MfugajiPwani: Wote wana afya nzuri.

Mtu wa Takwimu: Nimeuliza umri.

MfugajiPwani: A wiki 70, B wiki 30. Lakini hata manyoya ya B yanang'aa, na wakala nshampa advansi, anasema bei inapanda.

Mtu wa Takwimu: Aah! Wiki 30 ndo kilele cha utagaji, kuku 100 wa kisasa wakitunzwa vizuri wanafika 90. Wako wanatoa 79. Huenda hicho chakula ndo kinawarudisha nyuma na wewe unakishukuru.

KisuKikali: Mnapigwa chai. Namba zote zinagawanyika kwa 15, kuku gani wanataga kwa mafungu? Zimetungwa hizo.

Bibi Kigoda: Nimemaliza bando langu bure.

MfugajiPwani: Sio chai jamani! Kijana anahesabu kwa trei, trei mayai 30, isipojaa anakadiria nusu.

Mtu wa Takwimu: Basi kwenye kuhesabu tu anaweza kukosea mayai 7 kwa siku. Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin alitoa hesabu za sampuli ndogo mwaka 1908, zingekufaa, ila hazitenganishi umri na chakula. Gawa hao wa B kwa kura, 50 wale hiki, 50 kile, maji na taa sawa, yai lihesabiwe moja moja, wiki 6.

MfugajiPwani: Wiki 6 nyingi mkuu, wakala anataka jibu Jumatatu. Nikichukua mifuko ya ile advansi tu?

Mtu wa Takwimu: Chukua, ndo utakayolishia hao 50.