Watu wa mauzo na uhasibu wasiojua SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata): niwape chombo gani?

Msambazaji_Dar
Wakuu, habari za leo. Niko kampuni ya kusambaza mikate na maziwa. Oda, ghala na madeni vyote viko kwenye hifadhidata ya MySQL, na kila swali linapita kwangu. Mhasibu anataka madeni yaliyopita siku 30. Mkuu wa mauzo anataka kujua maduka gani ya Mbagala yamepunguza oda. Naandika SQL, natoa Excel, natuma WhatsApp. Kesho swali ni lilelile, tarehe tu imebadilika. Nimewaza vyombo vya ripoti kama Power BI au Metabase, au niwafundishe SQL. Bajeti ni ndogo. Mnashauri nini?

HesabuSafi
Mimi ni mhasibu. Usinitoe kwenye Excel, tafadhali. Power Query, iliyo ndani ya Excel, inaunganika na MySQL moja kwa moja. Ukishaniandalia, nabonyeza kusasisha tu. Ila kiunganishi cha MySQL lazima kisakinishwe kwenye kila kompyuta, na karatasi moja haipiti mistari 1,048,576.

Mchota_Data
Mkuu, nimefanya kazi hii kwa wasambazaji kama nyie, na naomba uniamini kwenye hili: chombo kije baadaye. Mkuu wa mauzo akifungua Metabase akakuta safu inaitwa `cust_typ` yenye namba 3, atarudi WhatsApp kesho yake.

Tengeneza hifadhidata ya pili kwenye seva hiyohiyo, iite `ripoti`. Ndani yake weka mionekano ya `CREATE VIEW`, yaani maswali ya SQL yaliyohifadhiwa yanayoonekana kama majedwali, safu ziwe na majina wanayoyatumia wenyewe: duka, eneo, tarehe ya kupakia, deni lililobaki. Kanuni za biashara uzimalizie humo. Ankara zilizofutwa ziondoke humo, si kila mtu akumbuke kuzichuja. Mhasibu na mkuu wa mauzo wakifika kikaoni na jumla mbili tofauti, hakuna atakayeiamini ripoti yoyote tena, na kuirudisha imani hiyo ni kazi ngumu mno.

Saa nayo uiangalie. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Gari la mikate likipakia saa nane usiku, mauzo yanahesabiwa ya jana. Kwa biashara yenu inayoanza usiku, kila siku itakuwa na kosa.

Kisha mpe mtumiaji wa chombo ruhusa ya `SELECT` (kusoma) kwenye `ripoti` tu, asiguse majedwali ya asili. Namba za simu za wateja usiziweke kama hazihitajiki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiweza, maswali yaende kwenye nakala ya seva, ili ripoti nzito isikwamishe oda.

Hapo sasa: mhasibu abaki na Excel yake. Mauzo na ghala wape Metabase. Toleo la bure unaliweka kwenye seva yako, na mtu anachagua jedwali, anachuja, anajumlisha bila kuandika SQL. Usiiache itunze mambo yake kwenye H2, hifadhidata ndogo inayokuja nayo. Ihamishie PostgreSQL au MySQL. Power BI ni nzuri, lakini Desktop ni ya Windows, na kushirikishana ripoti mtandaoni kwa kawaida kunadai leseni ya Pro kwa kila mtu, hata anayeangalia tu.

Msambazaji_Dar
Asante sana mkuu. Na hizi akili unde zinazoandika SQL mtu akiuliza kwa Kiswahili?

Mchota_Data
Zinamfaa anayeweza kuisoma hiyo SQL. Ankara yenye bidhaa tatu, ikalipwa kwa awamu mbili: ukiunganisha bidhaa na malipo kizembe unapata mistari sita, na malipo yanahesabiwa mara tatu. Swali limekubali, jibu limetoka, halina alama yoyote ya kosa. Wewe utashtuka ukiiona. Mtu wa mauzo atalipeleka kwa bosi. Mpaka mionekano iwe imara, mimi nisingewapa.

HesabuSafi
Naunga mkono. Jumla ya kila mwonekano mpya nipe kwanza niilinganishe na vitabu vya mwezi uliofungwa.

Mchota_Data
Hasa. Halafu anza na mtu mmoja wa mauzo, na swali lake la Mbagala. Kaa pembeni, usimwelekeze, uone anakwama wapi. Safu aliyoitafuta akaikosa, iongeze kabla hujamwita wa pili.