Mjadala: Je, simu ya daktari kwa daktari ndiyo njia sahihi ya kutengua uamuzi wa bima kukataa kulipia mgonjwa aliyelazwa?

Mtoa hoja

Nchini Marekani, kampuni ya bima inapokataa kulipia kulazwa kwa mgonjwa, mara nyingi haisemi kwamba hakuwa mgonjwa, bali hudai kwamba angetosha kuwekwa chini ya uangalizi. Hadhi hiyo humwacha kwenye kitanda kilekile na mikononi mwa wauguzi walewale, lakini ankara yake huhesabiwa kama ya mgonjwa wa nje. Hospitali nayo humtuma daktari wake azungumze kwa simu na daktari wa bima, na uamuzi huweza kugeuka katika mazungumzo hayo mafupi. Ninashikilia kwamba mazungumzo haya yanastahili kuimarishwa, kwa kuwa sasa yana sheria ya kuegemea. Tangu Januari 2024, mipango ya Medicare Advantage, yaani ya kampuni binafsi zinazotoa bima ya Medicare kwa niaba ya serikali, inabanwa na kigezo ambacho Medicare ya serikali, bima ya umma ya wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu, ilianza kukitumia mwaka 2013, kwamba daktari anayetarajia, kwa sababu zilizoandikwa kwenye faili, kuwa matibabu ya hospitalini yatavuka saa sita ya usiku mara mbili, ana haki ya kumlaza mgonjwa wake.

Mchangiaji wa pili, aliyewahi kupitia madai upande wa bima

Ndugu mtoa hoja ameiacha nusu ya habari. Hospitali hulipwa zaidi mgonjwa akihesabiwa amelazwa, kwa hiyo si kila ombi ni la huruma. Nimepitia mafaili ambayo mgonjwa alikaa usiku wa pili akisubiri kipimo ambacho hakifanyiki mwishoni mwa wiki, na kuchelewa kwa namna hiyo si matibabu. Isitoshe, Medicare Advantage imefungwa na kigezo chenyewe tu, wala haikulazimishwa kuchukulia kwamba kila aliyevuka saa sita mbili za usiku alilazwa kihalali. Bima ina haki ya kuuliza.

Mchangiaji wa tatu, daktari mshauri wa hospitali

Haki ya kuuliza siibishii. Ninachobishia ni wakati wa kuuliza na mtu anayeuliza. Chukua mfano wa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, mapafu yamejaa maji, figo zimeanza kudhoofika, na dawa ya kupunguza maji lazima aipate kwa mshipa huku damu yake ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyohiyo inayoyaokoa mapafu inaweza kuzidi kuziumiza figo. Akipata nafuu upesi kuliko ilivyotarajiwa, daktari wa bima husoma matokeo na kusema kwamba hakustahili kulazwa. Kigezo hakiulizi mambo yaliishaje. Kinauliza daktari alikuwa anajua nini saa ile alipoandika amri ya kulaza, na hatari gani ilimfanya atarajie siku zaidi. Kwa hiyo ninapopiga simu sianzi na utetezi wa hospitali, naanza na hatari hiyo, kisha nataja vipimo vya saa za mwanzo, na mwisho nauliza ni sharti lipi la Medicare halikutimizwa. Nikijibiwa kwa mwongozo wa ndani wa kampuni, husema wazi kwamba mwongozo huo hauwezi kukipiku kigezo cha Medicare pale ambapo kigezo chenyewe kimekamilika.

Kanuni inataka pia kwamba anayekataa kwa hoja ya kitabibu awe daktari, au mtaalamu mwingine wa afya anayestahili, mwenye ujuzi wa fani inayohusika. Kama mtu huyo angelisoma faili la mgonjwa kabla ya kukataa, simu nyingi zisingehitajika.

Mchangiaji wa nne

Takwimu zinamwunga mkono daktari, ingawa zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Taasisi ya utafiti ya KFF ilionyesha kwamba mwaka 2022 mipango ya Medicare Advantage ilikataa asilimia 7.4 ya maombi ya idhini, yaani maombi ya kukubaliwa kwanza kwamba bima italipia huduma. Ni asilimia 9.9 tu ya waliokataliwa waliokata rufaa, na asilimia 83.2 ya rufaa hizo zilitengua uamuzi kikamilifu au kwa sehemu. Hizo ni huduma za kila aina, si kulazwa peke yake. Hata hivyo, pale wachache wanapokata rufaa na wengi wao wakashinda, kukataa kunakuwa biashara isiyo na hasara. Simu ya daktari haiponyi jambo hilo, kwa kuwa hospitali isiyo na daktari mshauri wa kupiga simu hupoteza kimyakimya.

Mtoa hoja

Nakubaliana na mchangiaji wa nne kuliko nilivyotarajia, na kuhusu kipimo cha mwishoni mwa wiki, mchangiaji wa pili yuko sahihi kabisa. Basi niiboreshe hoja yangu: simu ibaki, ila kila uamuzi unaotenguliwa kwa simu uhesabiwe na kutangazwa kwa jina la kampuni, sawa na wa rufaa rasmi. Kwa kuwa mazungumzo hayo si rufaa kisheria, kampuni inaweza kugeuza uamuzi wake kwa simu na kosa hilo lisionekane kabisa katika takwimu za rufaa. Je, wa upande wa bima atapinga hilo, na kwa sababu gani?