Mjadala: Je, Ruzuku Iendelee Kuishia kwenye Mfuko wa Mbolea?

MTOA HOJA

Tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa jijini Mbeya wakati wa Nanenane ya mwaka 2022, mkulima aliyejiandikisha na kupewa namba hununua mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni) au wa urea (mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni) kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko, ambayo wakati huo ilikuwa imepanda kupita shilingi 100,000. Sina ugomvi na nia hiyo. Hoja yangu, ambayo naiweka hapa ili ipingwe, ni kwamba katika mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini tunaumwagia mbolea udongo usioweza kuitumia, na kwamba sehemu ya fedha hizo ingetangulia kwenye upimaji wa udongo, chokaa kilimo (ile ya kupunguza tindikali ya udongo) na namna tunavyokatua.

Nianze na nilichokiona shambani kwangu Mbozi. Mwaka juzi mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yaligeuka zambarau kuanzia kingoni, dalili ambayo bwana shamba yeyote huisoma kuwa ni upungufu wa fosforasi. Kila shimo lilikuwa limepata kizibo cha soda cha DAP wakati wa kupanda, na DAP tunainunua hasa kwa ajili ya fosforasi. Nikang'oa mche mmoja taratibu. Mzizi ulikuwa umeshuka kama shibiri moja, kisha ukakunja kona na kutambaa kando kana kwamba umekutana na sakafu. Nilipochimba pembeni niliikuta sakafu yenyewe: jembe la mkono liligonga na kudunda. Hilo ni tabaka gumu linaloachwa na jembe la diski la trekta linapokatua kwa kina kilekile mwaka baada ya mwaka, nasi tukaliita shamba lililotayarishwa vizuri kwa sababu juu lilikuwa laini kama unga.

Sampuli niliyopeleka maabara ilirudi na pH ya 4.8, yaani udongo wenye tindikali kali; pH ni kipimo cha tindikali, na kadiri inavyoshuka chini ya 7 ndivyo tindikali inavyozidi. Udongo ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, huku yenyewe pamoja na chuma ikiishika fosforasi isipatikane kwa mmea. Kwa hiyo kizibo changu cha DAP hakikupotea. Kilikuwamo humohumo shimoni, kimefungwa. Kibaya zaidi, urea na DAP zenyewe huongeza tindikali kila bakteria wanapozigeuza kuwa nitrati, naitrojeni katika umbo ambalo mmea huinyonya. Jambo hili si geni. Huko Woburn, Uingereza, kwenye udongo wa kichanga, jaribio la ngano na shayiri lililoanza mwaka 1876 lilionyesha vipande vilivyopewa mbolea ya chumvi za amonia vikizaa vizuri mwanzoni, kisha mavuno yakaporomoka kadiri tindikali ilivyozidi, hadi chokaa ilipotiwa mwishoni mwa karne ya 19. Mbolea haikuwa imepungua. Udongo ndio uliokataa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini, lakini naona unamlaumu mpishi wakati unga wenyewe haujatosha. Tufanye hesabu. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni. Anayevuna magunia 20 ya kilo 100 kwa ekari amebeba tani mbili, yaani kilo 30. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na mfuko wa urea una kilo 23, jumla kilo 32, na hapo ni iwapo mmea utanyonya kila chembe, jambo ambalo halitokei kwa sababu nyingine huruka hewani na nyingine huchukuliwa na maji. Sasa niambie ni majirani wangapi wa kwako wanaotimiza mifuko hiyo miwili kwa ekari. Huku kwetu Sumbawanga wengi hugawa mmoja kwa ekari mbili, na wanaokosa kabisa ya kukuzia unawajua kwa rangi ya shamba ukiwa barabarani. Chokaa nayo hupimwa kwa tani, si kwa vizibo. Ukiihamishia ruzuku huko, mkulima mwenye ekari moja na baiskeli atakuwa amenyang'anywa kile anachoweza kukibeba.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi nawashangaa nyote wawili. Tabaka gumu limeletwa na kukatua, halafu mnajadili mfuko. Acheni kukatua, acheni mabua shambani, changanyeni na kunde, udongo utajitifua wenyewe kwa mizizi na minyoo.

MTOA HOJA

Nianze na mchangiaji wa pili, kwa kuwa jibu lake ni tamu na nililiamini kwa misimu miwili. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo bakteria wanaoyaozesha huichota naitrojeni iliyomo udongoni, na mahindi machanga yanabaki manjano mpaka uyatie urea mapema. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliokusanya majaribio 610 kutoka nchi nyingi ulikuta kwamba kuacha kukatua, kwa wastani, hupunguza mavuno kwa asilimia kama 6. Faida ilijitokeza kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua, tena pale tu mabaki yalipoachwa shambani na mazao kupokezanishwa. Kwetu mabua hayo yana mwenyewe: ng'ombe wa kijiji kizima huingia shambani mara tu baada ya mavuno, na sijamwona anayethubutu kuwazuia. Zaidi ya hapo, chokaa iliyonyunyizwa juu hushuka polepole mno. Lazima ichanganywe na udongo, maana yake ni kukatua. Ninachokiona kinafaa ni kulipasua tabaka gumu mara moja kwa jembe lenye jino refu wakati udongo ni mkavu, kuchanganya chokaa, na baada ya hapo ndipo jembe la diski lipumzishwe.

Kwako mchangiaji wa kwanza, hesabu yako ni sahihi na naikubali: mahali ambapo udongo si mchachu, yaani hauna tindikali kali, mfuko wa urea hauna mbadala. Ila kilo hizo 32 umezihesabu kama kwamba zitakutana na mzizi. Mvua za Januari zikishaishusha nitrati chini ya shibiri moja, mzizi uliokunja kona hauwezi kuifuata, na mkulima mwenye ekari moja ndiye asiye na uwezo wa kupoteza. Jaribio la muda mrefu la Kabete, nchini Kenya, lililoanzishwa mwaka 1976 kwa mahindi na maharage, limeonyesha jambo linalotuhusu wote: mbolea ya viwandani ikiungana na samadi hushikilia mavuno kuliko ikiachwa peke yake.

Suala la uzito wa chokaa ndilo lililonisumbua zaidi, kwa maana sina jibu la baiskeli. Hata hivyo tuna mfano wetu wenyewe. Katika mpango wa vocha za ruzuku ulioanza mwaka 2008, mkulima aliruhusiwa kuchukua mifuko miwili ya mbolea ya fosfeti ya Minjingu badala ya mmoja wa DAP, na fosfeti hiyo ya Manyara ina kalsiamu na huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali. Namba ileile ya ruzuku ingeweza kumpa mwenye udongo mchachu hiari ya namna hiyo, ikiwamo chokaa. Mawe ya chokaa nayo hayatoki mbali, kwani yanachimbwa papa hapa Songwe kwa ajili ya saruji. Kilichobaki kujadiliwa ni nani alipie lori kutoka hapo hadi kijijini, na kwenye hilo ningependa kusikia kutoka kwa wenye vyama vya ushirika.