Tenshena ya cheni ya taimingi kwenye Toyota Wish: je, naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

MkaaziWaLanet

Hamjambo nyote. Nina Toyota Wish yenye injini ya 1ZZ-FE, ile ya 1.8, ambayo imetembea kilomita 186,000 kwa mujibu wa mita yake, ingawa sote twajua kwamba mita za magari ya mitumba si za kuapiwa. Tangu baridi ya Juni ianze hapa Nakuru, kila ninapoiwasha saa kumi na mbili asubuhi, upande wa mikanda hutoa mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya mkebe kwa muda wa sekunde tatu hivi, kisha injini hutulia na kunguruma vizuri mchana kutwa. Nikiizima sokoni kwa nusu saa na kuiwasha tena, mlio haurudi. Nguvu haijapungua na taa ya injini haijawaka.

Fundi mmoja aliisikiliza kwa dakika moja, akasema cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti kuu ya chini) na kamshafti (zinazofungua vali), imekwisha, na akataka shilingi 45,000 ili aishushe injini na kubadilisha kila kitu. Wa pili alisema ni tenshena, kile kifaa kinachoikaza cheni, peke yake. Ninazo spana, jeki na sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, na nimewahi kubadilisha pampu ya maji mwenyewe. Nianzie wapi, na ni kosa gani litakaloniponza?

MamaKondele

Kaka, pole. Kabla hujashika spana, tuambie unatumia oili gani, ulimwaga lini ile ya zamani, na kijiti cha kupimia oili kinasoma wapi. Tenshena ya injini hiyo hutegemea msukumo wa oili, kwa hiyo oili ikiwa chache, nzito au chafu, huchelewa kufika na cheni hupigapiga mpaka ifike. Gari langu halikuwahi kulia hata siku moja hapa Kisumu kwenye joto letu. Lilianza kulia nilipolala Kericho kwa ajili ya mazishi, na asubuhi waombolezaji wote wakageuka kunitazama. Kumbe nilikuwa nimewekewa oili nzito ya 20W-50 na filta ya bei ya chini, ambayo vali yake ya kuzuia oili isirudi chini usiku ilikuwa haifanyi kazi.

MkaaziWaLanet

Dada, umenigusa penyewe. Ni 20W-50, na kijiti kinasoma chini kidogo ya alama ya chini. Naona haya hata kuandika.

MzeeWaSpana

Usione haya, mwanangu, wengi wanaoniletea magari wana hali hiyo hiyo. Mwaga oili hiyo, weka oili nyepesi ya 5W-30, ambayo injini yako huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kisha uisikilize kwa asubuhi tatu au nne. Mlio ukiisha, shilingi 45,000 zimebaki mfukoni. Usipoisha, endelea kusoma.

Una bahati, kwa sababu kwenye 1ZZ-FE tenshena imefungwa kutoka nje ya injini kwa nati mbili za spana namba kumi, na huhitaji kuivua kava ya taimingi wala kuishusha injini. Hata hivyo nakushauri ufungue kifuniko cha tapeti, kwa maana anayebadilisha tenshena bila kuiona cheni anafanya kazi akiwa amefumba macho. Tenganisha waya hasi wa betri, toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha zungusha krenki kwa spana, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, mpaka alama ya puli ikutane na sifuri iliyo kwenye kava huku silinda namba moja ikiwa kwenye mgandamizo. Hakikisha alama za gia zote mbili za kamshafti zimekaa mahali pake, na uzipige picha. Kuanzia hapo, tenshena ikiwa nje, usiizungushe krenki hata kwa upana wa kidole, kwa sababu hakuna kinachoikaza cheni, nayo ikiruka jino moja utaanza kazi nyingine kabisa.

Ukiitoa, tazama ile pistoni yake ndogo yenye meno kabla ya kuirudisha ndani. Hapo ndipo utakapoujua ukweli ambao yule fundi wa dakika moja hakuutafuta. Ikiwa imetoka karibu yote, cheni imerefuka, na tenshena mpya itakusaidia kwa muda mfupi tu. Ikiwa bado ina nafasi ya kutosha ya kuendelea kutoka, basi ni haki kuilaumu tenshena yenyewe.

Katika kurudisha ndipo wengi hukosea. Bonyeza kitanzuo, yaani kile kinachoizuia pistoni isirudi nyuma, sukuma pistoni ndani kabisa, kisha uinase kwa kulabu yake ndogo. Weka oringi mpya uliyoipaka oili na ukaze nati kwa nguvu za kiasi, kwani kipimo chake ni Nm 9 tu, na mkono wenye hasira hukata bolti. Sasa zungusha krenki kidogo kinyume cha mishale ya saa ili kulabu iachie, halafu uirudishe kwa mwelekeo wake wa kawaida na utazame kama pistoni inaisukuma reli ya cheni. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe aliliwasha kulabu ikiwa bado imenasa, na sitaki kukusimulia lilivyolia.

DerevaWaKakamega

Naunga mkono, ila kwa tahadhari kwa wasomaji wengine. Mimi nina Probox ya 1NZ-FE, na kwenye injini hiyo tenshena iko ndani ya kava, kwa hiyo ni lazima kuvua puli ya krenki, kuitegemeza injini kwa jeki na kufungua kiegemeo chake, kisha kuirudisha kava kwa silikoni mpya. Niliianza Ijumaa nikidhani ni kazi ya saa mbili, na Jumatatu nilikwenda kazini kwa bodaboda. Tena, mlio wa sekunde moja tu wakati wa kuwasha unaweza kutoka kwenye gia ya VVT-i (ile ya kamshafti inayobadilisha wakati wa vali kufunguka) wala si kwenye tenshena. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava na mpini wake sikioni, usikilize unatoka juu kwenye kamshafti au chini.

MkaaziWaLanet

Nimerudi baada ya wiki mbili. Oili mpya na filta vilipunguza mlio mpaka kama sekunde moja, lakini haukuisha, na bisibisi ilinionyesha kwamba unatoka kando palipofungwa tenshena, si juu kwenye gia. Jumamosi nikaifungua. Alama zote zilikuwa mahali pake, reli hazikuwa na mikwaruzo mirefu, na pistoni ilikuwa imetoka chini ya nusu ya meno yake. Ila nilipoibonyeza kwa kidole gumba, tenshena kuukuu ilirudi nyuma bila ukaidi wowote hata kabla sijagusa kitanzuo, ilhali ile mpya ilikataa katakata. Oringi ya zamani ilivunjika mkononi kama ganda la yai, jambo linaloeleza ule unyevu wa oili niliokuwa nikiufuta kila mwezi.

Kosa nililolifanya ni kuigonga kulabu kwa ukingo wa tundu nilipokuwa nikiingiza tenshena, pistoni ikaruka kabla sijakaza nati. Nilikumbuka onyo la Mzee, sikugusa krenki, nikaitoa na kuinasa upya. Nilipaka silikoni kidogo kwenye zile pembe mbili ambapo kava ya taimingi hukutana na kichwa cha injini, na nikafunga kifuniko cha tapeti kwa gasketi mpya.

Leo ni asubuhi ya tano, na kulikuwa na ukungu mzito. Nimewasha gari nikiwa nimesimama nje, mlango wazi, na nilichosikia ni jogoo wa jirani. Mzee, tenshena kuukuu nimeihifadhi. Ukipita Lanet, njoo uyatazame meno yake, kwani mimi sioni palipolika.

MzeeWaSpana

Nitapita Alhamisi. Usiioshe.